Risiti 1004 haipo: kisa cha stoo ya dagaa Mwaloni

Saa moja na nusu asubuhi mpwa wangu alinipigia simu, na kwa sauti yake tu nikajua amezungukwa na watu. "Shikamoo mjomba. Programu inasema risiti haipo, na mama anayo mkononi." Nikamuuliza namba. "Elfu moja na nne." Kabla sijajibu nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yake: "Mwambie huyo mjomba wako magunia yangu kumi na manne hayajui kompyuta."

Stoo yenyewe ipo Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza kando ya Ziwa Victoria, na jina lake nitalihifadhi. Kazi yake haina mafumbo. Dagaa wanashuka kutoka Ukerewe, Ukara, Kome na visiwa vingine, mwenye mzigo anaweka magunia, anapewa risiti, na siku akipata mnunuzi au Fuso ya kusafirishia anarudi na risiti yake. Hizo zilikuwa siku za giza. Kwa wasiolijua ziwa: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti kitu, basi wavuvi wanapumzika. Giza likirudi, mizigo inashuka kwa mkupuo na kila mtu ana haraka. Stoo haina muda wa kugombana na mteja mlangoni, makuli wamesimama na gari linaunguruma.

Nilipofika, mama wa Ukerewe alikuwa amekaa juu ya gunia, risiti ameishika kwa vidole viwili kama anayeshika ushahidi mahakamani. Mhuri upo, saini ya karani ipo. Karani naye, dada mpole kwa kawaida, alikuwa amekaza uso: skrini imesema HAIPO, na yeye aliagizwa asitoe gunia hata moja ambalo skrini haikulikubali. Kuna mtu alishaanza kunong'ona habari za risiti feki. Nilimsalimia mama, nikamwomba radhi, nikamwomba karani anipishe kwenye kiti.

Kwanza nilifungua faili. Kila mzigo una mstari mmoja: namba ya risiti, idadi ya magunia, safu ulipowekwa, na alama kama umekwisha kutoka. Mstari wa 1004 ulikuwepo, magunia 14, safu ya 6, bado. Nikamwambia karani amtolee mama mzigo wake kwa daftari la karatasi, na mambo ya mashine atuachie sisi. Mama akaondoka bila kuaga. Sikumlaumu.

Sasa tukabaki na swali lenyewe. Mstari upo, programu haiuoni. Nikamwambia mpwa aandike namba moja moja nami niandike majibu kwenye boksi la karatasi. 1003: haipo. 1010: haipo. 990: ipo. 756: ipo. Mpwa akasema, "Mjomba, ni zile za elfu tu. Zote za chini ya elfu zipo." Ilikuwa dhana nzuri na ingetutosha, ila nilimwomba ajaribu 998. Haipo. Risiti hiyo ilikuwa na wiki moja, na karani alikuwa na uhakika kwamba siku mbili nyuma aliitafuta akaiona. Kwa hiyo juzi ilikuwepo, leo haipo, na hakuna aliyeigusa. Hapo ndipo kisa kilipoanza kuninogea, na nakiri kwamba kwa mwenye stoo hakikuwa kinanoga hata kidogo.

Turudi nyuma kidogo. Programu hii mpwa aliiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, alipokuwa ndiyo kwanza anajifunza. Toleo la kwanza lilitumia lupu ya kawaida: anza juu ya orodha, soma risiti, uliza "ni hii?", kama siyo nenda inayofuata, hadi uipate au orodha iishe. Ndivyo karani wa zamani alivyofanya kwa kidole kwenye daftari. Lilifanya kazi miezi yote. Halafu mpwa akajifunza kutafuta kwa kugawa nusu kwa nusu, na kijana akijifunza kitu kizuri hawezi kukaa nacho mfukoni. Wiki mbili kabla ya kisa hiki aliitoa lupu, akaweka hii:

```
mwanzo = 0
mwisho = len(orodha) - 1
while mwanzo <= mwisho:
    kati = (mwanzo + mwisho) // 2
    if orodha[kati] == risiti:
        return kati
    if orodha[kati] < risiti:
        mwanzo = kati + 1
    else:
        mwisho = kati - 1
return -1
```

Wazo lake kila mtu analo tayari. Ukiwa nje ya kituo cha kupigia kura na majina yamebandikwa ukutani kwa alfabeti, ukimtafuta mtu wa herufi M huanzi na A. Unatupa jicho katikati, unaona uko kwenye K, unajua yuko mbele, nusu ya nyuma umeshaiacha. Orodha ya majina 512 inamalizwa kwa maswali yasiyozidi 10. Kwa lupu ya kawaida unaweza kuuliza mara zote 512. Mbinu ni ya zamani: John Mauchly, mmoja wa waundaji wa kompyuta za mwanzo, aliitaja mwaka 1946 katika mihadhara ya Moore School, shule ya uhandisi kule Philadelphia.

Nilianza kwa kuushuku mstari wa `kati`. Una sifa mbaya. Mwaka 2006 Joshua Bloch, wakati huo mhandisi wa Google, alieleza kwamba mstari kama huo ulikaa na kosa ndani ya maktaba ya Java, lugha nyingine ya programu, kwa takriban miaka tisa: orodha ikifika vitu kama bilioni moja, jumla ya mwanzo na mwisho inazidi ukubwa wa namba ambao mashine inaweza kuushika, inageuka kuwa hasi. Lakini Python haina ukomo huo wa namba kamili, na stoo hii ilikuwa na mistari 512. Niliusoma msimbo wote mara tatu nikitafuta kosa, sikuliona, kwa sababu ndani ya mistari ile halimo.

Basi nikampa mpwa kalamu. "Wewe sasa ni kompyuta. Tafuta 1004." Orodha inaanza na risiti 501, kwa kuwa vitabu kumi vya kwanza, vya kurasa hamsini hamsini, vilikwisha kabla kompyuta haijaingia stoo. Nafasi zinahesabiwa kuanzia sifuri, basi nafasi 0 ni risiti 501 na nafasi 511 ni risiti 1012. Katikati ni nafasi 255, yaani risiti 756. Mpwa akasema, "1004 ni kubwa kuliko 756, naenda mbele."

"Wewe unaenda mbele," nikamwambia. "Mashine je?"

Tukaiambia programu itaje kila risiti inayoigusa njiani. Ikaandika: 756, 628, 564, 532, 516, 508, 504, 502, 501. Ilikuwa inarudi nyuma. Inatafuta 1004 huku inaelekea mlangoni, ikafika risiti ya kwanza kabisa, ikakosa pa kwenda, ikasema haipo. Mpwa alikaa kimya, halafu akasema polepole, "Inaona 1004 ni ndogo kuliko 756."

Ndiyo. Faili ukilisoma, kinachoingia ni maandishi. Python haijui kwamba "1004" ni hesabu mpaka uiambie. Kwake hiyo ni herufi nne zilizofuatana, na maandishi hulinganishwa kama kamusi inavyopanga maneno: herufi ya kwanza kwa herufi ya kwanza, zikilingana ndipo unaenda ya pili. Fungua kamusi yoyote ya Kiswahili. "Babaika" liko kabla ya "bi", japo "bi" ni herufi mbili tu na "babaika" ni saba. Hakuna anayelalamika, kwa kuwa kwenye kamusi urefu si kitu. Tarakimu nazo ndani ya kompyuta zina namba zao za msimbo, "1" ni 49, "7" ni 55, "9" ni 57. Mashine ilitazama "1" na "7", ikamaliza kazi hapo hapo. Sifuri mbili na nne zilizofuata haikuzigusa.

Ndiyo maana pia nyimbo kwenye baadhi ya simu zinajipanga wimbo1, wimbo10, wimbo11, halafu ndiyo wimbo2. Na wanaoandika JavaScript wanalijua: ukiiambia ipange 9, 10 na 1 bila maelezo zaidi, inakurudishia 1, 10, 9, japo umeipa namba halisi.

Kwa nini basi wiki mbili zilipita bila kelele? Kwa sababu toka 501 hadi 999 namba zote ni za tarakimu tatu, na tarakimu zikiwa sawa kwa idadi, mpangilio wa kamusi na mpangilio wa hesabu ni kitu kimoja. Kama kompyuta ingeingia stoo siku ya kitabu cha kwanza, na mbinu hii ikawekwa siku hiyo hiyo, risiti ya 10 ingelitoboa kosa mapema na tungelicheka. Lilingoja 1000.

Bado ilibaki 998. Hii ndiyo sehemu ambayo wanafunzi wengi huipita haraka na mimi naipenda kuliko zote. Mpwa akaifuata: 756, mbele. 884, mbele. 948, 980, 996, mbele bado. Sasa iko hatua mbili tu kutoka inapotafuta. Kipande kilichobaki ni nafasi 496 hadi 511, katikati yake nafasi 503, na hapo amekaa nani? Risiti 1004, ya mama wa Ukerewe. Mashine ikalinganisha "998" na "1004", ikaona 9 ni kubwa kuliko 1, ikaamua kwamba 998 lazima iko mbele zaidi. Ikapita 1008, 1010, 1011, 1012, ikatokea upande wa pili wa orodha mikono mitupu. Risiti ya wiki iliyopita ilipotezwa na risiti mpya zilizokaa mahali ambapo, kwa sheria ya mashine, si pao.

Nikamwambia aandike lupu ya majaribio: chukua kila risiti iliyomo kwenye orodha, itafute kwenye orodha hiyo hiyo, taja zisizoonekana. Mistari mitatu. Jibu lilikuja papo hapo, risiti 16, zote zimefuatana, 997 hadi 1012. Nikampa na hesabu ya kwenda nayo nyumbani: aendelee kuongeza risiti bila kurekebisha kitu, aone siku ya 1499. Siku hiyo orodha inakuwa na mistari 999, katikati yake panakaa 1000, na mambo yanageuka kabisa: mpya zote zinaonekana, za zamani zote 499 zinapotea.

Mpwa ni mwepesi. Kabla sijamaliza chai alikuwa ameshaweka `orodha.sort()` juu ya utafutaji, akaendesha lupu ya majaribio, zilizopotea zikawa sifuri. Akanitazama kama aliyefunga goli dakika ya mwisho. Nami ilinibidi nikiri kwamba ni kweli, inafanya kazi. Python ilipanga maandishi kwa sheria ya kamusi, "1000" hadi "1012" zikaenda mwanzo, zikafuatiwa na "501", na utafutaji ukatumia sheria ile ile. Anayepanga na anayetafuta wakiwa na sheria moja ya nani mkubwa, utafutaji hauna shida hata sheria yenyewe ikiwa ya ajabu. Mwanzo walikuwa na sheria mbili: karani alipanga kwa hesabu, mashine ikatafuta kwa kamusi. Neno "imepangwa" peke yake halitoshi, lazima useme imepangwa kwa kipimo cha nani.

Goli lilikataliwa jioni. Mwenye stoo kila siku anachapa ripoti ya mizigo kumi ya mwisho, na programu huchukua mistari kumi ya mwisho ya orodha. Akapewa 990 hadi 999, nusu yake ilishatoka stoo. Alipiga simu mwenyewe, na hakupiga kwa mpwa.

Tukakaa upya. Tulichofanya ni kugeuza kila risiti kuwa namba inapoingia tu, wakati wa kusoma faili, kwa `int()`, na karani anachoandika kwenye kibodi nacho kigeuzwe mlangoni vivyo hivyo. Ungeweza pia kujazia sifuri mbele, "0501", na maandishi yangejipanga sawa hadi 9999, ila huko ni kuahirisha ugomvi. Juu ya hapo nikamtaka aongeze lupu moja ya ulinzi: programu ikifunguka, itembee orodha yote mara moja ihakikishe kila risiti ni kubwa kuliko iliyoitangulia. Isipokuwa hivyo ipige kelele, isikae kimya na kusema HAIPO. Akauliza, kwa haki kabisa, kama lupu ya ulinzi inapita mistari yote, faida ya nusu kwa nusu iko wapi? Nikamjibu kwamba inapita mara moja asubuhi, utafutaji ni siku nzima. Halafu nikamwambia na la kweli: kwa mistari 512, hata lupu ya kwanza ingemaliza kabla karani hajainua kidole kwenye kibodi. Lupu ile ilikuwa inauliza "ni hii?" tu, haikuuliza "ipi kubwa?", kwa hiyo mpangilio haukuihusu hata chembe. Mimi ningeiacha.

Lupu ya ulinzi ilipiga kelele siku ya nne. Risiti 1101 imefuatiwa na 1052. Mizigo ilizidi, mwenye stoo akaongeza karani wa pili, na kila karani akachukua kitabu chake, mmoja kinaanza 1051, mwingine 1101. Sote tulikuwa tumeamini kwamba risiti mpya siku zote ni kubwa kuliko ya jana, na hakuna aliyewaambia makarani kwamba programu inategemea hilo. Safari hii namba zilikuwa namba, msimbo ulikuwa sahihi, na bila ulinzi ule tungerudi mlangoni kwa mama mwingine. Tukaacha kubandika risiti mpya mwishoni. Python ina moduli iitwayo `bisect` inayotafuta mahali pa kitu kipya na kukichomeka hapo. Ni kuchomekea kama kule kwa daladala za Kirumba, tofauti yake ni kwamba huyu anachomekea mahali pake.

Hapo nilidhani tumemaliza, na nilikuwa nimeshamwambia mpwa kwa kujiamini kwamba kosa lake la asili lilikuwa kuziona namba kama maandishi.

Wiki iliyofuata programu ikagoma kufunguka. Mteja alichukua nusu ya mzigo, nusu akaiacha, na karani kwa akili yake njema akaandika risiti ya nusu iliyobaki: 1112B. `int()` ilipofika kwenye hiyo B ikakataa kazi. Mpwa akanipigia, safari hii bila watu kumzunguka.

"Mjomba, hizi risiti tunazijumlisha wapi?"

"Hatuzijumlishi."

"Tunazidisha?"

"Hapana."

"Namba ya simu ukiigeuza hesabu, ile sifuri ya mbele inapotea. Hii nayo si jina tu, lenye tarakimu?"

Nilikaa nikitazama ukuta. Kijana alikuwa sahihi. Alikosea alipolinganisha majina akidhani analinganisha hesabu, nami nikamrekebisha kwa kuyalazimisha majina yawe hesabu. Sasa stoo inatumia kamusi ya Python (`dict`), ambayo licha ya jina si ule mpangilio wa kamusi wa mwanzo: unaipa "1112B", inakupa mstari wake moja kwa moja, na utafutaji hauulizi nani mkubwa wala nani alikuja kwanza. Kupanga kumebaki kwenye ripoti ya jioni tu, nako kunafuata saa mzigo ulipoingia, ambacho ndicho mwenye stoo alichokuwa anakitaka tangu mwanzo. Msimbo wa nusu kwa nusu mpwa hakuufuta. Ameuweka kwenye faili lake peke yake, pamoja na lupu ya majaribio na orodha ile ile ya risiti 512, na kila rafiki yake anayeanza kujifunza anapewa aitafute 998.